Kadi Kutoka Laval

Châteaumeillant, 30 Agosti 1896

Mume wangu Sylvain,

Gazeti lilifika jana na gari la mkate, na mpaka sasa limeshachanika kwa kushikwashikwa. Pajot wa kwanza. Paris hadi Quimper na kurudi Paris kwa baiskeli, saa sitini na nane, usingizi dakika arobaini. Baba alilisoma kwa sauti mlangoni mwa karakana, kisha akasema, "Haya, ameshinda. Sasa arudi achonge viatu vya mbao." Unamjua alivyo. Lakini gazeti alilitia mfukoni na hajalirudisha.

Mimi nilifurahi, kisha nikaingia zizini kwa mbuzi nikalia, maana nilikuwa sijui kama uko hai.

Kuna jambo moja silielewi. Ijumaa nililetewa kadi yenye muhuri wa posta ya Laval, tarehe 26. Upande wa anwani ni mwandiko wako, upande wa pili ni mikwaruzo ya kuku. Baba anasema uliwaachia walevi waniandikie. Nimeichomeka nyuma ya sanduku la chumvi, utanieleza ukija.

Uliniahidi misimu miwili tu ya mbio na wa pili umekwisha. Ulimwapia Baba kwamba Sikukuu ya Watakatifu Wote itakukuta umeshika kisu cha kuchongea, na mimi nilikuwepo. Nakusubiri.

Mkeo,
Solange


Paris, 3 Septemba 1896

Mpendwa mke wangu Solange,

Nimeipokea barua yako na kuisoma kwa moyo mkunjufu. Afya yangu ni njema kabisa, ila uchovu kidogo, jambo la kawaida baada ya safari ndefu. Mdogo wangu Ursin yu mzima naye anakusalimu. Chakula cha Paris kimemkubali, koti halifungiki tena.

Kuhusu ile kadi, usijali. Niliiandikia juu ya goti.

Kuhusu Watakatifu Wote, tutazungumza. Kiwanda cha baiskeli kinanitaka kwa msimu mwingine, na mwezi ujao daktari wao atanipima kabla ya mkataba. Ni heshima kubwa, na ningependa tulitafakari jambo hili kwa utulivu.

Mumeo akupendaye,
Sylvain Pajot


Châteaumeillant, 7 Septemba 1896

Sylvain,

Barua yako ni nzuri mno. Herufi zimenyooka, zote zimevaa vikofia. Mume wangu niliyeolewa naye anaandika S kama ndoana ya kutundikia nyama, na hajawahi kusoma kitu chochote "kwa moyo mkunjufu" tangu azaliwe. Tena eti tulitafakari kwa utulivu. Huyo mwanamke ni nani?

Usiniambie umenunua kalamu mpya. Mwandiko ule ni wa mtu aliyesomeshwa na masista. Nimeuangalia mpaka macho yakauma.

Halafu leo mke wa mwoka mikate amenisomea gazeti akiwa na tabasamu lake lile. Wanasema huko Paris kuna minong'ono kwamba Pajot aliyekwenda Quimper siye Pajot aliyerudi. Nikamwambia akakande unga wake. Lakini nimerudi nyumbani nikijiuliza ni mambo mangapi nisiyoyajua.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe au usinijibu kabisa.

Solange


KAMATI YA MBIO
Paris, 9 Septemba 1896

Kwa Bwana Sylvain Pajot, mwendeshaji namba 14

Kanuni zetu zinamtaka kila mwendeshaji atie sahihi kwa mkono wake katika kitabu cha kila kituo. Kuanzia Paris hadi Quimper, na kutoka Quimper hadi Rennes, sahihi zako ni safi. Kuanzia Laval, katika kurudi, hadi hapa Paris, mahali pa sahihi pana mistari isiyosomeka, kama ya mtu asiyejua kuandika.

Mashahidi wawili walimwona ndugu yako Ursin pale Laval, akiwa na baiskeli. Watu wote wanakubali kwamba mnafanana. Makarani wa vituo wanasema mtu mwenye namba 14 alijaa vumbi usoni hata mama yake asingemtambua. Na tumearifiwa kwamba ndugu yako hakupata kwenda shule.

Unaitwa mbele ya Kamati Jumatatu tarehe 28, saa nne asubuhi, utie sahihi tukiona. Ukikutwa na hatia ya kubadilishana naye, utafutwa katika mbio zote maisha yako yote, na ushindi atapewa wa pili.

E. Cambournac,
Katibu


Paris, 12 Septemba 1896

Kwa Bibi Solange Pajot,

Usishtuke. Mwenye vikofia ni mimi. Naitwa Zélie Cotard, nina miaka sitini na miwili, napiga pasi mashati ya watu chini ya chumba cha mumeo, na mdomoni nimebakiwa na meno manane. Kama ni wivu, mwanangu, utafutie mtu mwingine.

Naandika kwa sababu mumeo hawezi kuandika. Mikono yake imekufa. Haina jeraha, ukiiona utasema ni mizima, lakini vidole havisikii na havishiki. Anakunywa supu kwa viganja viwili kama mtoto. Ursin ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Juzi alitaka kunisogezea pasi, akaishika upande wa moto, akasimama nayo huku anapiga soga, mpaka mimi niliponusa harufu. Nimemfunga kitambaa, kidonda si kikubwa.

Hataki ujue. Anasema umeshamvumilia miaka miwili na hatakuletea kilema nyumbani. Aliniapisha nisiseme neno. Mimi nimeapa kwa mdomo, mkono haukuapa.

Barua ya Kamati nimemsomea mimi. 

Zélie Cotard


Châteaumeillant, 15 Septemba 1896

Mpumbavu wangu,

Bi Zélie ameniambia, na usimgombeze. Nimeisoma barua yake nimesimama, mara tatu, sikumbuki nani aliyewafungia mbuzi jioni ile.

Nina hasira na wewe. Wiki nzima nimekuwa nikimchukia mwanamke ambaye hayupo, na wewe unaungua kwa pasi huku unacheka. Ulidhani nimeolewa na vidole?

Nenda kwa hao mabwana leo, usingoje tarehe 28. Waonyeshe mikono. Waambie ukweli basi, shida iko wapi?

Nakutumia mafuta ya bata bukini, Baba ameyachemsha na majani yake anayoyajua yeye. Nimemwambia ni ya goti. Paka asubuhi na jioni, na Ursin akukande mpaka kwenye kiwiko.

Solange wako


Paris, 19 Septemba 1896

Solange,

Bi Zélie anaandika, mimi nasema, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipambe.

Barabara za Bretagne, upande wa Quimper, ni mawe matupu. Siku ya pili nilianza kuhisi usukani kama vile nimeshika mikono ya mtu mwingine. Kufika Laval sikuhisi kitu. Karani alinipa kalamu ikaanguka, akanipa tena ikaanguka. Nikaikamata kwa ngumi nikakwaruza. Hakuna aliyejali, watu walikuwa wanapiga kelele niende. Ursin alikuwepo na chupa za mchuzi, ndiyo, na baiskeli yake, ndiyo. Hakunigusa, alinipa chupa tu, kanuni inaruhusu.

Unauliza shida iko wapi. Nikisema mikono imekufa, daktari wa kiwanda atanifuta. Na baba yako hawezi kumpa kisu cha kuchongea mtu asiyejua vidole vyake viko wapi. Utaviokota kwenye maranda. Baiskeli sina, viatu sina. Nikinyamaza, mimi ni mwizi. Ndiyo shida.

Na kuna ubaya zaidi, naona aibu kuutamka. Mikono inaamka. Jana kidole gumba kilisikia maji ya baridi, leo nimeshika kijiko. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nahesabu siku. Kufikia Jumatatu ya tarehe 28, nikiandika vizuri, basi aliyekwaruza vitabuni si mimi. Nikiandika vibaya, watasema naigiza. Mafuta ya baba yako yako mezani na sijayafungua, maana naogopa kupona.

Kimebaki kitu kimoja. Ile kadi ya Laval. Nilikuwa nimeziandika anwani kabla ya kuondoka, nizitume njiani ujue niko hai. Ile niliiandika pale pale mezani pa karani, kwa ngumi ile ile. Ina maneno, si jina tu, na ina muhuri wa posta wa siku ile. Ursin hawezi kuandika hata neno moja. Wakiiweka kando ya kitabu watajua.

Itoe nyuma ya sanduku la chumvi uitume siku ile ile utakayopata barua. Solange, sikuombi kitu kingine.

Sylvain

Naye Zélie anaongeza: fanya haraka, mwanangu. Hali chakula.


Châteaumeillant, 22 Septemba 1896

Mume wangu,

Kadi haipo. Tulipaka jiko chokaa wiki iliyopita, nikatoa kila kitu ukutani, na makaratasi yote Baba aliwashia tanuri. Nimetafuta. Pole sana.

Paka mafuta. Usiogope kupona, hilo ni neno baya.

Na ikiwa hao mabwana hawakutaki, njoo nyumbani. Hapa hakuna anayekudai sahihi. Baba atakungoja mpaka vidole viamke vyote, nimeshamwuliza kwa kuzungukazunguka. Njoo tu.

Solange


Paris, 29 Septemba 1896

Solange,

Huu ni mwandiko wangu. Itazame hiyo S hapo juu, ndoana yako ya nyama. Kwa hiyo unajua matokeo kabla sijayasema.

Nilikuwa nimepanga kuishika kalamu kwa ngumi. Njiani nilifanya mazoezi, Ursin ni shahidi. Nikaingia, wazee saba mezani, kitabu cha Laval kimefunguliwa, na Bwana Cambournac ananitazama vidole, hanitazami usoni. Nikaona aibu. Sijawahi kumdanganya mtu katika mbio, sasa nianze siku ya kuthibitisha kwamba si mdanganyifu? Nikaandika kama mwalimu alivyonifundisha. Jina halijawahi kutoka vizuri namna ile. Akalikausha wino, akasema, "Asante, Pajot. Umetusaidia sana."

Niliwaeleza habari za mikono. Mmoja wao akaniuliza, "Hii hapa?" Wakacheka. Nimefutwa maisha yangu yote.

Mtaani wananiita Nusu Pajot. Muuza maziwa asubuhi: "Nusu Pajot, nikupimie nusu lita?" Ursin amempiga, nikalazimika kumwomba radhi yule mtu. Halafu usiku Ursin akasema kosa ni lake, angekwenda shule wasingemsingizia. Amemwomba Bi Zélie amfundishe kusoma. Ana miaka ishirini na sita na anashindana na herufi A.

Nitakuja tarehe 10. Nitashuka kituo cha nyuma, nije kwa miguu giza likiingia, nisipite mbele ya mwoka mikate. Mwambie Baba anoe kisu. Baiskeli sitaki kuiona tena, nimemwambia Ursin aitafutie mtu.

Wewe uliniomba nirudi na sasa narudi. Angalau mmoja wetu amepata alichotaka.

Sylvain


Châteaumeillant, 2 Oktoba 1896

Kwa Mabwana wa Kamati ya Mbio, Paris

Mimi ni mke wa Sylvain Pajot. Katika bahasha hii mna kadi iliyotiwa muhuri posta ya Laval tarehe 26 Agosti. Ilifika hapa tarehe 28, kabla gazeti lolote halijaleta habari za mbio, na tarishi Bwana Moulinet yuko tayari kuapa.

Iwekeni kando ya kitabu chenu. Mimi pia sikuweza kuisoma mwanzoni. Nilipojua habari za mikono yake niliifuata kwa kidole, polepole, ikasomeka. Inasema: *Mzima. Mpe Diwani kabichi.*

Lazima niwaeleze. Diwani ni beberu wetu. Ana ndevu na ana desturi ya kukohoa kabla ya kula, na kwa mambo hayo mawili anafanana na baba yangu, ambaye ni diwani wa mji huu. Jina hilo tulilitunga mimi na mume wangu zizini, na hakuna mtu wa tatu aliyelijua, hata Ursin. Kwa hiyo aliyekuwa Laval akishika kalamu kwa ngumi, akiwa na njia ndefu mbele yake, na akamkumbuka beberu wangu, ni mume wangu.

Mtaniuliza kwa nini sikuileta kabla ya tarehe 28. Mume wangu aliiomba. Barua yake niliipata tarehe 21. Nilimwandikia kwamba imeungua. Haikuungua, nilikuwa nimeishika mkononi nikiandika hivyo. Nilimtaka nyumbani, nikaona nyinyi mtanifanyia kazi hiyo. Jana nimesoma barua aliyoiandika mwenyewe. Anataka kuingia mji wake gizani. Mtu anayekuja hivyo siye niliyekuwa namsubiri.

Najua mkimrudishia jina lake mtanichukulia mume tena. Naifunga bahasha nikijua.

Solange Pajot

*Nimeisoma barua hii kama shahidi. Beberu nimekwenda kumtazama.*
*Baptiste Aufrère, mchonga viatu, diwani*


Paris, 11 Oktoba 1896

Solange,

Jana hukuniona kwa sababu juzi Kamati iliniita tena, pamoja na Ursin. Waliiweka kadi yako kando ya kitabu, wakaja wote saba na miwani, wakatazama muda mrefu. Kisha Bwana Cambournac akampa Ursin kalamu, akamwambia aandike "kabichi". Ursin akatokwa jasho, akainama, akafanya kazi ile dakika tano nzima. Alipoinuka alikuwa amechora kabichi. Tena kabichi nzuri, yenye majani. Mzee mmoja alilazimika kutoka nje.

Wamefuta hukumu. Gazeti litaandika kesho, ushindi ni wangu. Muuza maziwa ameniletea lita nzima, hakutazama juu.

Barua yako waliisoma kwa sauti mbele yangu. Siku kumi na moja, Solange. Nilikuwa nimesimama pale, watu saba wananitazama, na mimi nasikia kwamba uliishika mkononi. Nilikasirika. Nilirudi chumbani, Bi Zélie akaja akaweka supu akaondoka. Nilikuwa nataka kukuandikia maneno ambayo sasa sitayaandika.

Kisha nikaona mafuta ya bata bukini pale mezani. Nimekaa nayo siku hizo hizo, sijayafungua, nikiomba mikono yangu mwenyewe isipone, na wewe nikakuficha wiki tatu kwamba ninaumwa. Nikayafungua. Yananuka vibaya sana, mwambie Baba. Au usimwambie, kwa sasa ana mambo ya beberu.

Kiwanda wameleta mkataba asubuhi, na daktari wao amepita. Alinigongagonga kifua, akaniambia nimkamate mkono nikaukamata, akasema safi. Kalamu wamenipa. Nimeiweka chini. Nimewaambia nitajibu nikishakaa mezani kwetu.

Nakuja kwa baiskeli. Ursin hakupata mtu wa kumpa, au hakutafuta. Nitalala Orléans na Vierzon, Jumatano mchana nitapita katikati ya mji mbele ya mwoka mikate, kengele nikiipiga.

Kabla hujaniuliza mkataba nitausaini au sitausaini, ujue hili. Kidole kidogo cha mkono wa kulia bado hakisikii kitu, si moto wala baridi. Daktari hajui, Ursin hajui, na barua hii hakuiandika Bi Zélie. Nakuambia wewe wa kwanza.

Sylvain